Pampu Iliyonguruma Bila Kutoa Maji

Sisi wa Mhunze hatuna bahari wala ziwa, lakini kazi ya kushindana na maji twaijua sana. Mvuvi wa Ziwa Victoria hufua maji katika mtumbwi wake asije akazama. Mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita huyatoa shimoni apate kuufikia mwamba. Mkulima wa hapa kwetu huyapandisha kutoka kisimani ili mboga zake zisikauke. Wote watatu, wakijaliwa kupata fedha, hununua pampu. Na kwa wote watatu huja siku ambapo injini inanguruma kama simba na maji hayatoki hata tone.

Siku hiyo ilitufikia nyumbani mwezi wa Oktoba uliopita. Naieleza hapa ili mwenzangu atakayepatwa na jambo hilo ajue aanzie wapi, na pia kwa sababu dawa tuliyotaka kuitumia ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Baba yangu ana bustani ya nyanya na mchicha kando ya korongo, mwendo mfupi kutoka Mhunze. Mboga hizo huuzwa sokoni, na katika fedha yake hupatikana madaftari yangu na sare za wadogo zangu. Katikati ya bustani kuna kisima kilichochimbwa kwa mikono, na juu yake, karibu na ukingo, tuliweka pampu ndogo ya petroli ya inchi mbili. Tangu mwezi wa Juni ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Halafu Jumamosi moja asubuhi ilikohoa maji mara mbili tatu, ikatapika povu, na baada ya hapo haikutoa kitu.

Mimi ndiye msomi wa nyumbani, basi nilitaka kuonekana. Bila kuuliza na bila kufikiri, nilichukua spana nikaifungua pampu tumboni. Ndani sikuona kasoro yoyote. Nilipokuwa nikiifunga, gasketi ikachanika. Nikapoteza nusu ya siku kutafuta nyingine, nami nilikuwa nimeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Alasiri baba mdogo akatoa shauri lake. Alisema injini iko mbali mno na maji, kwa hiyo tuishushe. Ndani ya kisima, kiasi cha mita tatu chini, kulikuwa na kidaraja ambacho wachimbaji walikiacha ili wapate mahali pa kukanyaga. "Tuiweke pale," alisema, "tuiwashe kwa dakika tano tu. Machimboni hufanya hivyo kila siku." Kamba ikaletwa, injini ikafungwa, na kijana mmoja akavua viatu tayari kuteremka.

Wakati huo akafika mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuja kutusalimu. Mjomba alifanya kazi ya uchimbaji wa dhahabu kwa miaka mingi. Aliitazama kamba, akaitazama injini, akauliza, "Shemeji, leo mnamzika nani?"

Hakuna aliyecheka, maana hata yeye hakucheka. Akaketi juu ya ndoo akatusimulia. Katika shimo moja alilofanyia kazi, baada ya mvua walishusha pampu ya petroli ili kuyakausha maji. Mlio wa injini ulipobadilika, mtu mmoja aliteremka kuitazama. Hakurudi. Wa pili alimfuata kumwokoa. Naye hakurudi. Wa tatu alitaka kwenda, wakamfunga kamba kiunoni kwanza, na alipolegea walimvuta juu angali hai. "Wawili wa kwanza," alisema mjomba, "walikuwa wamelala kama watu waliochoka. Hawakuwa na jeraha lolote."

Kamba ikafunguliwa. Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia nikamweleza habari yote. Hakunipa jibu. Alinipa kazi, nayo ndiyo makala haya.

NANI HUYAPANDISHA MAJI?

Sote twasema kwamba pampu "huvuta" maji. Kusema hivyo si vibaya, lakini atakayeamini hivyo hatauona ugonjwa. Maji hayana mkia wa kushikwa na kuvutwa. Pampu iliyo juu ya kisima hufanya jambo moja tu: huitoa hewa iliyomo katika bomba la kuvutia, pakawa na upungufu wa hewa ndani. Hewa ya nje, ambayo huukandamiza uso wa maji kisimani kwa uzito wake, ndiyo inayoyasukuma maji yapande kwenye bomba kujaza upungufu huo.

Jaribu mwenyewe kwa mrija na chupa ya soda. Ukiweka mrija katika chupa iliyo wazi, utakunywa bila taabu. Sasa zungushia nta au udongo laini mdomoni mwa chupa, uuzibe kabisa mahali mrija unapopita, kisha unywe. Utapata kidogo, na baada ya hapo hata ukivuta mpaka mashavu yaingie ndani hupati kitu. Nguvu zako hazikupungua. Umeizuia hewa ya nje isiyakandamize maji.

Watu wa zamani hawakulijua jambo hili. Mafundi wa Italia waliona kwamba pampu zao hazikuweza kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata zingetengenezwa vizuri namna gani. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli, aliyepata kuwa msaidizi wa Galileo, aliyaacha maji akatumia zebaki, ile ambayo wachimbaji wetu wadogo huikamatia dhahabu na ambayo ni sumu kali. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Aliijaza katika neli ya kioo iliyozibwa upande mmoja, akaipindua katika bakuli lenye zebaki. Zebaki iliteremka kidogo ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Zidisha 76 kwa 13.6, utapata kiasi cha sentimita 1,034, yaani mita 10 na robo na kidogo zaidi. Hicho ndicho kimo cha mwisho ambacho uzito wa hewa waweza kuyainua maji katika usawa wa bahari.

Mwaka 1648 Blaise Pascal wa Ufaransa alimwomba shemeji yake apande mlima Puy de Dôme akiwa na neli ya namna hiyo. Kule juu zebaki ilisimama chini zaidi kuliko bondeni. Sababu yake ni nyepesi: aliye juu mlimani ana hewa kidogo zaidi juu ya kichwa chake.

Habari hii yatuhusu sisi. Nchi yetu ya Shinyanga iko kiasi cha mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na huku kwetu haiwezi kuyainua maji zaidi ya mita 9 hivi, hata kama pampu haina dosari yoyote. Toa tena sehemu inayopotea kwa sababu ya msuguano ndani ya mpira, na kwa sababu hakuna pampu iliyo kamili, utabaki na mita 6 au 7 za kutumainiwa. Pampu iuzwayo kwa maneno kwamba "huvuta mita 8" ilipimwa chini, karibu na usawa wa bahari.

MASWALI YA KUULIZA KWA UTARATIBU

Mwalimu aliniambia, "Fundi mwema huanza na lile asilohitaji spana kulijua." Hivi ndivyo maswali yalivyopangwa, kuanzia jepesi mpaka gumu.

La kwanza: Ni injini au ni pampu? Hivi ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Injini ikiwaka na kunguruma sawasawa, usiiguse. Ugonjwa uko upande wa maji.

La pili: Je, tumbo la pampu lina maji? Pampu ya namna hii haina nguvu ya kutosha kuitoa hewa ikiwa kavu. Fungua kizibo cha juu, jaza maji mpaka yafurike, kisha funga. Tena usiiache ikinguruma kavu kwa muda mrefu, maana sili yake hupozwa na maji. Maji yakikosekana, sili huungua.

La tatu: Je, chujio limeziba? Vuta mpira juu utazame. Majani, tope na vipande vya nailoni hupenda kukaa hapo. Chujio lisilale juu ya tope. Litie ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu, au lining'inize kwa kamba kiasi cha shubiri mbili juu ya sakafu ya kisima, lakini daima liwe chini ya uso wa maji.

La nne: Je, hewa yaingia njiani? Hapa ndipo wengi hushindwa. Ufa mdogo katika mpira wa kutolea maji huonekana upesi, kwa kuwa maji huchuruzika. Lakini ufa katika mpira wa kuvutia haumwagi kitu; hunyonya hewa kimya kimya. Ziko njia mbili za kuutafuta. Wakati pampu inapozunguka, paka povu zito la sabuni kwenye viungo vyote. Mahali povu linaponyonywa ndani, hapo ndipo penye ugonjwa. Au, kama mpira una vali ya chini inayozuia maji yasirudi, ujaze maji ungali umesimama, ungoje kidogo. Maji yakishuka bila kuonekana yanakovuja, vali haifungi. Pengine ina kijiwe au uchafu. Yakitoka ubavuni, ufa umejitangaza wenyewe.

La tano: Je, mpira umebonyea? Mpira wa kuvutia lazima uwe mgumu, wenye pingili. Ukitumia ule laini wa kutolea maji, hewa ya nje huubana ukawa bapa kama utepe, na njia hufungwa.

La sita: Maji yako mbali kiasi gani? Funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka liguse maji, weka fundo kamba ilipokuwa sawa na pampu, kisha pima. Usipime urefu wa mpira, wala kina cha kisima chote. Kipimo kinachotakiwa ni kimo cha wima, kutoka uso wa maji mpaka kwenye pampu.

La saba, na la mwisho: Je, pangaboi la ndani limekwama au limelika? Hapo ndipo unaruhusiwa kushika spana, baada ya kuzima injini na kuchomoa waya wa plagi ili isije ikawaka vidole vikiwa ndani. Swali hili ndilo mimi nililoanza nalo, na ndiyo sababu nilichana gasketi bure.

KAMBA NA JIWE

Nilirudi nyumbani nikayauliza maswali yote mbele ya baba na baba mdogo. Injini ilikuwa njema. Tumbo lilijazwa. Chujio lilikuwa na tope kidogo, tukalisafisha. Povu la sabuni halikuonyesha kitu. Mpira ulikuwa mgumu. Tulipowasha, pampu ikakohoa kama siku ile ya kwanza, ikanyamaza.

Ndipo nikashusha jiwe. Baba alikumbuka kwamba mwezi wa Juni, tulipoifunga pampu, maji yalikuwa kwenye pete ya tano ya mawe. Hapo kutoka kwenye pampu nilipima mita 5. Sasa jiwe lilikwenda mpaka mita 8 na nusu ndipo likagusa maji.

Basi pampu yetu haikuwa imeharibika hata kidogo, wala hakuna aliyetuuzia kitu kibovu. Kiangazi kilikuwa kimeyashusha maji siku kwa siku, mpaka siku moja yakapita mahali hewa ya Shinyanga inapoweza kuyasukuma. Ile povu iliyotapikwa asubuhi ya Jumamosi ilikuwa kama barua ya kuaga.

Baba mdogo alisema, "Kumbe nilikuwa sawa! Injini iko mbali na maji." Ni kweli, alikuwa sawa katika kuutambua ugonjwa. Alikosea dawa tu. Kosa la namna hiyo ni la hatari sana, kwa sababu lingefanikiwa. Maji yangetoka, nasi tungefurahi kwa dakika chache, wakati yule kijana yuko chini na injini.

HEWA ISIYOONEKANA

Injini ya petroli hutoa moshi wenye gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Damu yetu hubeba oksijeni kwa kutumia himoglobini. Lakini himoglobini huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo mtu huvuta pumzi kama kawaida, kifua chapanda na kushuka, na huku mwili wake wanyimwa oksijeni. Kichwa humwuma, huona kizunguzungu, miguu hulegea, akili huchanganyikiwa asiweze hata kuita. Juu ya ardhi upepo huitawanya gesi hii. Kisimani au shimoni hakuna upepo. Hujikusanya, na hubaki hata baada ya injini kuzimwa. Dakika tano ni nyingi.

Wazee wengine hushusha taa au mshumaa kwanza. Taa ikizimika, ni ishara kwamba oksijeni ni haba, na hapana ruhusa kuteremka. Lakini taa ikiendelea kuwaka si hati ya usalama, maana mwali waweza kuwaka vizuri mahali penye kaboni monoksidi ya kutosha kuua mtu.

Na mtu akianguka shimoni, usimfuate. Najua neno hili ni gumu kulisema juu ya ndugu. Lakini mtu wa pili wa hadithi ya mjomba alikuwa na mapenzi tele, na mapenzi hayakumsaidia kupumua. Zima injini, piga kelele za kuita watu, mvute kwa kamba kama amefungwa, na wapeleke habari upesi kwa Zimamoto na Uokoaji au machimbo makubwa yenye vifaa vya kupumulia. Gesi hii ndiyo ile ile inayotoka katika jiko la mkaa. Wenzangu wanaopanga vyumba mjini wasilale na jiko ndani ati kwa sababu ya baridi ya Julai.

TULIFANYA NINI

Zipo pampu zisizotegemea uzito wa hewa. Pampu ya umeme ya kuzamishwa majini hukaa chini na kuyasukuma maji juu. Jenereta au paneli za jua hubaki juu ya ardhi. Pampu ya kamba nayo huyabeba maji kwa visahani vinavyopanda ndani ya bomba, na huzungushwa kwa mkono. Hizi zaweza kuyatoa maji mahali ambapo ile yetu imefika mwisho wake. Pampu yetu yenyewe ni nzuri, ila ni ya miezi ya maji ya juu.

Baba hakuwa na fedha ya kununua nyingine mwezi huo. Tulifunga roda juu ya kisima tukateka kwa ndoo, asubuhi kabla ya shule na jioni. Maji hayakutosha bustani yote. Baba alichagua kuokoa mchicha, akaziacha nyanya zikauke. Nilimwona akisimama katikati ya matuta yale bila kusema neno. Mvua zilipokuja na maji kupanda tena kisimani, tuliiwasha pampu ikatoa kama zamani, bila kutengenezwa na mtu.

Mwenzangu uliye na wazazi ziwani, maswali haya ni yako pia. Mashua yenye pampu ya kufulia maji ikikataa, uliza kama nilivyouliza: chujio, hewa njiani, vali, mpira. Swali la kimo tu ndilo utakaloliruka, maana kutoka ngamani mpaka ukingoni mwa mashua hazifiki hata mita tatu. Lakini uwe na kopo la kufulia karibu, kwa kuwa ziwa halitangoja umalize maswali.

Kile kidaraja cha kisimani tulikibomoa. Baba mdogo ndiye aliyeshika sururu, akiwa amefungwa kamba kiunoni, na mjomba ameshika ncha ya juu.